Kati ya Hamu na Dau

Katika mazishi mengi ya Mathira, Tetu au Othaya siku hizi, hotuba ya mwanasiasa huwa na sehemu ya pombe, na sehemu ya pombe huwa na mkia wa kamari. Vijana wetu wameharibika, wanataka utajiri wa usiku mmoja, jembe wamelikimbia. Wazee hutikisa vichwa kukubali. Nyuma ya hema, zilikoegeshwa pikipiki, vijana wanaosemwa wameinamia simu, na baadhi yao wanacheza pale pale.

Maelezo hayo ya uvivu na tamaa yana dosari moja kubwa: hayatofautishi mtu na mtu. Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll iliwauliza kwa simu vijana wa nchi kadhaa za Afrika kama wamewahi kucheza kamari au kubashiri michezo. Kenya iliongoza kwa asilimia 76. Kama tamaa peke yake ingezaa uraibu, robo tatu ya vijana wa nchi hii wangekuwa wameuza ng'ombe wa baba. Hawajauza. Wengi huweka shilingi 50 Jumamosi, wakachapwa, wakailaani Manchester United, wakaenda zao. Wachache ndio huzama. Kazi yetu ni kueleza kwa nini huyu alizama na mwenzake wa steji moja ya bodaboda hakuzama. Tena tueleze kwa nini haya yanatokea sasa, ilhali tiketi za bahati nasibu ya Kenya Charity Sweepstake ziliuzwa vibandani miaka nenda miaka rudi na hakuna padri aliyezihubiria.

Nimekaa na watu hawa na familia zao katika chumba cha ushauri nasaha hapa Nyeri kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, nao ni huu: visababishi vingi vya hatari tunavyovitaja kwenye semina, kila kimoja na jina lake, hufanya kazi moja. Hufupisha muda ulioko kati ya hamu na dau. Penye muda, hata mfupi, mtu hukumbuka karo, hukumbuka mke, hukumbuka kwamba jana pia alichapwa. Muda huo ukifutwa, hata mtu mwenye akili timamu na kazi nzuri anaweza kuzama, na nimewaona walimu, wahasibu na mashemasi.

Kwamba ni ugonjwa, hilo halina mjadala tena miongoni mwa madaktari. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuondoa uraibu wa kamari kwenye fungu la misukumo isiyozuilika, ulikokuwa umewekwa pamoja na wizi wa kiholela na uchomaji wa mali, kikauweka fungu moja na pombe na heroini. Shirika la Afya Duniani limeuweka fungu kama hilo katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vya Wamarekani ni tisa, na mtu akiwa na vinne ndani ya miezi 12 anahesabiwa mgonjwa: dau linapanda ili apate msisimko ule ule, anakosa utulivu akijaribu kuacha, anarudi kesho kufidia hasara ya leo, anadanganya, anawategemea wengine wamwokoe na madeni, na kadhalika. Katika vigezo hivyo tisa hakuna kinachoweka kiwango maalumu cha pesa. Mama anayepoteza shilingi 200 kwa siku anaweza kuwa mgonjwa kuliko mfanyabiashara wa Nanyuki anayepoteza elfu 20 kwa mwezi. Familia nyingi hazilijui hili, kwa hiyo zinasubiri hasara iwe kubwa ndipo zishtuke.

Tuingie kwenye michezo yenyewe, maana yote huitwa kamari na kumbe haifanani hata kidogo.

Chukua jakpoti ya mechi 17, ile iliyompa Samuel Abisai shilingi milioni 221 mwezi Februari 2017 na kuwasha moto nchi nzima. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha tatu kwa tatu mara 17 upate mikeka, yaani tiketi za kubashiri, 129,140,163 tofauti. Kwa mtu anayetaka kushinda, huo ni mchezo mkatili. Hata hivyo, sijapokea mgonjwa ambaye aliharibiwa na jakpoti peke yake. Unaweka dau leo, mechi zinachezwa wikendi, Jumapili jioni unajua umeshindwa, na wiki nyingine inaanza. Ubongo haupati nafasi ya kukimbizana na kitu kinachokuja mara moja kwa wiki.

Sasa chukua kindege, mchezo wa Aviator, ambao kampuni ya Spribe ya Georgia ndiyo iliyoutengeneza. Ndege nyekundu inapaa kwenye skrini nyeusi, na namba inapanda nayo: 1.10, 1.45, 2.00, 3.80. Ukitoa pesa kabla ndege haijatoweka, dau lako linazidishwa kwa namba uliyoikamata. Ikitoweka kabla hujatoa, umeliwa. Mzunguko mmoja unaweza kwisha kabla hujamaliza kupiga chafya, na mwingine unaanza baada ya sekunde chache. Unaweza kuweka madau mawili kwa mpigo. Unaweza kuiagiza simu iendelee kuweka yenyewe. Pembeni, orodha ya wachezaji wengine inatembea bila kukoma ikionyesha walichovuna.

Mtengenezaji anasema mchezo hurudisha asilimia 97 ya madau kwa wachezaji. Vijana wa hesabu kule Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hunitajia namba hiyo kama utetezi: hasara ni shilingi tatu tu kwa kila mia. Ni kweli, kwa kila mia inayowekwa, siyo kwa kila mia uliyokuja nayo. Mtu akicheza mizunguko mitatu kwa dakika, shilingi 50 kila mzunguko, kwa saa moja ameweka madau ya shilingi 9,000 hata kama aliingia na 500 tu, kwa sababu pesa ile ile inazunguka. Asilimia tatu ya 9,000 ni 270. Saa mbili za hivyo ni 540, na kibarua wa kupalilia kahawa anajua 540 ni kazi ya kutoka asubuhi hadi jua la utosi likuache. Hayo ni makadirio ya mchezaji mtulivu asiyepandisha dau. Mraibu si mtulivu.

Tume ya jarida la Lancet kuhusu kamari, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2024, ilikadiria kwamba kati ya watu wazima wanaocheza kasino za mtandaoni na mashine za bahati, asilimia 15.8 huenda wana ugonjwa huu. Kwa wanaobashiri michezo, makadirio ni asilimia 8.9. Kwa vijana wadogo namba zinapanda: 26.4 na 16.3. Ukiuliza kwa nini kasino ya simu inakaribia kuuzidi mpira mara mbili, mimi nitakujibu kwa saa ya ukutani. Mechi huchukua dakika 90.

Na hata mpira wenyewe umeharakishwa. Siku hizi unaweza kubashiri mechi ikiendelea: kona ijayo, bao lijalo. Mwaka 2020 korona iliposimamisha ligi karibu zote na ya Belarusi ikabaki ikichezwa, kuna watu walioweka dau kwa timu za Minsk ambazo hawakuweza hata kutamka majina yao. Ndipo wengine waliposadiki kwamba mpira ulikuwa kisingizio.

Mkeka unastahili aya yake, kwa sababu ndio chuo cha wengi. Kijana anachagua timu kumi ambazo, kwa kila moja, ana haki ya kutarajia ushindi, tuseme nafasi 70 katika 100. Anaona mkeka imara. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi: nafasi ya zote kushinda haifiki tatu katika mia. Ila kuna hesabu ya pili ambayo naona inafaa zaidi kujulikana. Nafasi ya mkeka huo kuchanwa na timu moja tu ni kama 12 katika mia. Maana yake, ukiucheza mkeka wa namna hiyo kila wiki, mara nne kwa kila ushindi mmoja utapata lile jeraha la "ni timu moja tu iliyoniangusha". Mtafiti Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha mwaka 2009, kwa picha za ubongo, kwamba kukosa chupuchupu huamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na kushinda, na huongeza hamu ya kuendelea ingawa mchezaji mwenyewe husema hakufurahia. Mkeka wa timu kumi ni kiwanda cha kukosa chupuchupu. Kindege ndicho hatari zaidi, kwa sababu hata ukishinda kinakuonyesha ulichokosa: umetoa kwenye 2.00, unatazama ndege ikiendelea hadi 40, na shilingi mia uliyopata inageuka hasara mbele ya macho yako.

Mchezo wa haraka hauna nguvu bila pesa ya haraka, na hapa Kenya imeitangulia dunia kwa njia ambayo tumezoea kujivunia. M-Pesa ilianza Machi 2007. M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya simu ile ile, ilifuata Novemba 2012. Kampuni za kubashiri kwa simu zikashika kasi kuanzia 2014 SportPesa ilipoingia sokoni. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuruhusu kutumia pesa usizokuwa nazo. Ukizitazama tarehe hizo kwa mfuatano utaona jinsi pengo lilivyozibwa hatua kwa hatua. Mchezaji wa zamani akiishiwa, alilazimika kuondoka mezani kwenda kukopa, na anayekwenda kukopa hukutana na mtu, na mtu huuliza za nini. Leo mshahara, mkopo na meza ya kamari viko katika kifaa kimoja, na hakuna anayeuliza.

Akina mama wa Karatina wakiniuliza dalili ya kwanza ni ipi, huwa wanatarajia niseme hasira au kukosa usingizi. Mimi huwaambia watazame nambari ya simu. Fuliza hukata deni lake kwenye pesa yoyote inayoingia, kwa hiyo mwenye deni huanza kuiogopa nambari yake mwenyewe. "Nitumie kwa hii ya rafiki yangu, yangu ina shida." Mteja wa bodaboda anaombwa alipe taslimu. Mtoto wa chuo anaomba pesa ya matumizi ipitie kwa mwenzake wa hosteli. Nambari ikibadilika mara mbili kwa mwezi bila simu kupotea, hapo kuna jambo.

Umbo la kipato cha milimani nalo huchangia, na hili silioni likitajwa kwenye vitabu vya Ulaya. Mkulima wa majani chai anayepeleka kwenye viwanda vya KTDA kama Gathuthi, Chinga au Ragati hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya Oktoba. Wa kahawa hungoja chama cha ushirika. Uchumi wote wa wazee wetu umejengwa juu ya kungoja, na kungoja huko kumekuwa kinga: huwezi kuicheza leo bonasi ambayo haijatangazwa. Lakini nambari ya mkulima kule kiwandani ni ya baba. Hati ya shamba ni ya baba, au bado ni ya babu na kesi ya urithi iko kortini. Kijana wa miaka 28 anachuma majani yale yale alfajiri, anayabeba hadi kituo cha kununulia, na yanapimwa kwa jina lisilo lake. Haoni cha kungoja. Kinachomfikia ni vijisenti vya leo, na vijisenti vya leo havijengi nyumba, kwa hiyo havina heshima machoni pake. Mia mbili ambayo haiwezi kuwa kitu ni rahisi sana kuiweka dau.

Ongeza hapo bodaboda. Nenda steji ya Chaka saa nne asubuhi, wakati abiria wa kwenda kazini wameisha na wa sokoni hawajarudi. Pikipiki 20, wateja wawili. Pikipiki nyingi ni za mkopo, na mkopo unadai kila siku hata kama mvua imenyesha tangu usiku. Mpanda pikipiki ana pesa ya asubuhi kwenye simu, deni la jioni kichwani, na saa tatu za kukaa. Ukimwomba mtaalamu yeyote akuchoree mazingira ya kuzalisha uraibu, atakuchorea steji hiyo: kipato cha vipande vipande, shinikizo la deni lenye saa maalumu, muda mtupu, na wenzako wanaopiga kelele wakishinda na kunyamaza wakiliwa. Kutokana na kelele hizo kila mtu hapo anaamini kwamba wengine wanavuna.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo huwa nalitaja nikijua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Sisi watu wa mlima tunajisifu kwa biashara. Mtoto hufundishwa kwamba pesa haikai, inazungushwa. Kamari ya leo imevaa nguo hizo. Dau linaitwa mtaji. Kuna makundi ya Telegram yanayouza mikeka ya uhakika kwa ada, na mnunuzi anaona amemlipa mshauri wa uwekezaji. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba anayecheza ili apate pesa yuko hatarini kuliko anayecheza kwa burudani. Wa burudani akiliwa, burudani imelipiwa. Wa biashara akiliwa anaona mtaji umekwama, na mfanyabiashara hodari hauachi mtaji ukikwama, anaufuata. Ile tabia ya kutokata tamaa tuliyoisifia kwa miaka yote, ambayo kwa muuza mitumba ni fadhila, kwa mcheza kamari ndiyo kigezo cha ugonjwa: kurudi kesho kufidia.

Ushindi mkubwa wa mapema humharibu mtu kwa njia hiyo hiyo. Wengi wa wanaofika kwangu wanaikumbuka tarehe ya ushindi wao wa kwanza kuliko siku ya kuzaliwa ya mtoto. Elfu 30 kwa dau la mia, katika mwezi wa kwanza. Wenzao walioliwa mara tano mfululizo waliacha wakabaki salama.

Mwilini pia kuna sababu, na sitakaa sana hapo. Tafiti za mapacha wa Marekani na Australia zimekadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari hii inatokana na urithi, kwa hiyo kama baba alikuwa mlevi au mcheza karata usijidai. Wanaume huanza mapema zaidi. Wanawake huchelewa kuanza, lakini wakianza huwa wagonjwa kwa haraka zaidi. Wenye haraka ya asili, wale ambao tangu shule jibu huwatoka kabla swali halijaisha, wako hatarini. Sonona hufungua mlango, maana kindege ni ganzi ya bei nafuu: kwa saa moja huwazi chochote. Pombe hulegeza breki. Miraa na muguka humkesheza mtu, na usiku wa manane ni wakati ambao hata duka la kumshughulisha limefungwa. Kisha lipo jambo ambalo madaktari wetu wangepaswa kulisema kila wanapoandika dawa: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, zinaweza kumfanya mzee ambaye hajawahi kugusa karata maishani aanze kucheza kamari kama kichaa. Dawa ikibadilishwa au kupunguzwa na daktari, tabia hiyo mara nyingi huisha. Watoto wa mzee humpeleka kanisani kumbe tatizo liko kwenye kijikaratasi cha famasia.

Kuhusu kanisa nitasema kidogo, kwa heshima. Toba humsaidia mwenye dhambi. Mgonjwa aliyeambiwa ni mwenye dhambi hujificha, na usiri ndio unaompa simu nafasi ya kufanya kazi yake. Wanaume wa Nyeri wana sababu ya ziada ya kujificha. Nchi nzima imefanya mzaha kwa miaka kuhusu wake zao kuwapiga, na mwanamume aliyepoteza karo ya muhula anajua kwamba akisema, atakuwa kichekesho kabla hajawa mgonjwa. Kwa hiyo hasemi. Anakopa zaidi ili arudishe kimya kimya. Nimewasikia wanaume watu wazima wakiniambia kwamba kilichowarudisha kwenye mchezo baada ya miezi kadhaa ya kuacha ni hofu ya mke kuona ujumbe wa deni. Wanaofika pabaya zaidi, wanaoanza kuwaza kwamba bima au mazishi yao yangelipa madeni, hufika huko kwa kimya hicho. Ukisikia maneno ya namna hiyo nyumbani usimhubirie mtu, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wazazi nao huingia na kosa la upendo. Ng'ombe anauzwa, madeni ya simu yanalipwa yote kwa mpigo, kijana anaapa kwa Biblia. Mifumo ya mikopo ya simu humwona mtu aliyelipa vizuri na huweza kumwongezea kiwango. Mzazi analipa deni la elfu 8, na mtoto anaamka na uwezo wa kukopa elfu 12. Ukitaka kumlipia, mwambie kwanza ajiondoe Fuliza na kila mkopo wa simu, laini ya pesa ishikwe na mtu mwingine kwa muda, ndipo ulipe, tena mwenyewe, moja kwa moja kwa anayedai.

Kwa miaka kumi sasa serikali imekuwa ikipambana na kamari kwa silaha za kupambana na pombe, na silaha hizo zinaeleweka. Februari 2024, watu zaidi ya kumi walipokufa kwa pombe haramu huko Kangai, Kirinyaga, baa zilifungwa eneo hilo. Pombe ina pipa, ina harufu, ina mlango wa kuvunja. Mashine za bonanza pia zilikuwa na umbo. Zilikaa kwenye vioski vya vijijini zikila sarafu za shilingi 20 za watoto wa shule, na katika msako wa 2018 zilikusanywa zikachomwa moto mbele ya kamera. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Ila mashine ile ilikuwa na fadhila moja ambayo simu haina: mama aliyepita njiani alimwona mwanawe amesimama mbele yake.

Silaha ya pili imekuwa kodi. Ushuru wa dau uliwekwa asilimia 20 mwaka 2019, ukafutwa 2020, ukarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 Desemba 2024, kisha sheria ya fedha ya 2025 ikaushusha hadi asilimia 5 na kuutoza kwenye pesa inayowekwa katika akaunti ya mchezo. Hazina ilikuwa ikitafuta mapato, na ni haki yake. Kwa mgonjwa, ushuru hubadilisha bei na kuuacha mwendo wa mchezo ulivyo. Mraibu akikatwa tano kwenye mia, anaweka mia na tano.

Matangazo yameguswa kwa ufanisi zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya leseni za kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha zikaja kanuni zilizokataza watu maarufu kuonekana kwenye matangazo hayo. Agosti mwaka huo Rais Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyokuja kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966, enzi ambayo kamari ilikuwa farasi na karatasi, na kuunda mamlaka mpya mahali pa bodi. Nimeisifu hatua hiyo hadharani na sijabadili neno.

Ombi langu kwa mamlaka hiyo ni la kiufundi na halipendezi kwenye hotuba. Pesa inayotoka M-Pesa kwenda kwenye akaunti ya mchezo ingoje saa 24 kabla haijaruhusiwa kuwekwa dau. Dau la kila mzunguko wa michezo ya kasi litenganishwe na lijalo kwa dakika kadhaa, na kitufe cha kucheza chenyewe kiondolewe. Pesa ya mkopo, iwe Fuliza au nyingine yoyote, isipokelewe kabisa na nambari za kampuni za kamari. Mchezaji wa Jumamosi, yule wa shilingi 50 na Manchester United, ataweka pesa yake Ijumaa na hatapungukiwa chochote. Watakaopungukiwa ni wenye ugonjwa, na kampuni zinazoishi kwa ugonjwa wao.

Najua jibu litakalotoka kwa mawakili wa kampuni, kwa sababu huwa ni lile lile: mkitubana, wachezaji watakimbilia tovuti zisizo na leseni ambako hakuna ulinzi wowote. Wachache watakimbia, wale wenye kadi za benki na ujuzi wa sarafu za kidijitali. Kijana wa steji ya Chaka anacheza kwa M-Pesa, na tovuti isiyo na leseni ikitaka shilingi zake lazima nayo ipate njia ya M-Pesa. Julai 2019, katika mvutano wa leseni na kodi, serikali iliiagiza Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, izifunge nambari za malipo za Paybill za kampuni 27 za kubashiri, na kufikia Septemba SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote na jina lake likiwa limevaliwa na Everton, ilikuwa imefunga kazi zake nchini. Baadaye jina hilo lilirudi, lakini funguo zilionekana wazi ziko mfukoni mwa nani.

Zilitumika wakati ule kwa ajili ya kodi.